Mwaka Tuliomlisha Hondohondo

Elisante tulimzika Jumamosi, Maji ya Chai, shambani kwake, kati ya migomba na mstari wa mikahawa iliyozeeka. Habari za kifo chake nilizipata kanisani, hapa Kimandolu, na wala sikuambiwa mimi. Mama mmoja wa benchi la nyuma alikuwa akimnong'oneza mwenzake kwamba yule mzee aliyekuwa akitembeza wageni msituni, yule wa vichekesho vya wanyama, amefariki. Niliendelea kuimba, nikamaliza ubeti mzima, ndipo nikakaa. Msibani nilipata kiti cha plastiki pembeni mwa turubai, mahali ambapo mtu asiyejulikana anaweza kukaa bila kuulizwa ni ndugu wa upande gani. Binti yake mkubwa alisoma wasifu wa marehemu kwa sauti iliyotulia. Alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akaajiriwa kutembeza wageni katika hoteli ndogo chini ya Mlima Meru, akaoa, akapata watoto, akaugua. Kati ya kuajiriwa na kuoa binti alivuta pumzi tu, akaendelea. Kwenye pumzi ile ndiko ulikokuwa mwaka wangu.

Hoteli yenyewe haikuwa ya maana. Ilikuwa nyumba ya mawe ya mlowezi wa zamani, imeongezewa vyumba vya mbao, si mbali na lango la hifadhi, na asubuhi nyingi ukungu ulikuwa ukishuka mlimani hadi kwenye ngazi za jikoni. Nilikwenda pale kuosha vyombo na kumenya viazi huku nikisubiri nafasi ya chuo cha ualimu. Nilimkuta Anaeli, msichana wa Kimeru wa rika langu, mwenye mwanya na sauti ya kwaya, tukapewa chumba kimoja chenye vitanda viwili vya chuma na dirisha dogo lililotazama rundo la kuni. Chumba kilinuka mafuta ya taa, na nguo zetu zote zilinuka vitunguu. Aliyetutawala sote ni mpishi, Mama Sifaeli, mwanamke mnene aliyevaa sweta mwaka mzima, na ambaye aliamini kwamba mgeni wa Ulaya akipewa loshoro la mahindi na maziwa ya mgando lililoiva vizuri hawezi kurudi kwao. Aliwapa, wakala vijiko viwili kwa adabu, na sisi tukamalizia sufuria.

Elisante alikuja jikoni kila asubuhi kabla wageni hawajaamka. Alikuwa mwembamba, na hata akiingia mahali pa kukaa hakukaa; aliegemea mlango na kikombe chake cha bati, akanywa chai iliyochemshwa na tangawizi, kisha akatoa somo la leo. Ndivyo tulivyoliita. Sijui lilianzaje, lakini nilipofika lilikuwa sheria: hapati andazi bila somo. Somo la kwanza nililolisikia lilikuwa la ngiri. "Mmemwona anavyokimbia?" akauliza. "Mkia juu kama bendera. Roho iko mkononi, lakini bendera haishuki. Hata ukifukuzwa kazi, Anaeli, toka hivyo hivyo." Anaeli alikuwa amevunja bilauri tatu wiki hiyo na meneja alikuwa amemtisha kumfukuza. Alipoitwa ofisini alirudi amenyoosha shingo, kitambaa cha vyombo amekisimamisha nyuma ya gauni lake kama mkia, na Mama Sifaeli alicheka hadi akaomba maji.

Mengine yalikuwa ya mbega, wale weusi wenye mashuka meupe mgongoni, wanaoshinda juu ya miti wakisaga majani tumboni bila haraka. "Vaa vizuri, kaa juu, nyamaza. Hakuna atakayekuuliza unafanya kazi gani." Akatazama kuelekea ofisi ya meneja, nasi tukaelewa. Ya pimbi yalikuwa kwamba asubuhi jua kwanza, kazi baadaye. Ya nyani yalikuja siku nyani walipopitia dirishani wakabeba mkate wote wa wageni, na Mama Sifaeli akawafuata na mwiko hadi ukingo wa msitu, akarudi analia kwa hasira. "Mama, usigombane na mwizi mwenye ukoo mkubwa," Elisante akamwambia. "Wewe uko peke yako, wao wana wajomba." Na ya nyati dume mzee, anayejitenga na kundi akakaa kwenye matope peke yake, aliyasema siku moja bila kucheka sana. "Wageni hudhani ana nguvu kuliko wote ndiyo maana anatisha. Hana mtu wa kuongea naye, basi. Ukikaa muda mrefu bila kuongea, hata salamu utaona ni ugomvi." Nimemfikiria nyati huyo mara nyingi tangu nistaafu, hasa jioni mwanangu anapopiga simu kuuliza hali na najisikia nikimjibu kwa ukali bila sababu.

Simlaumu mtu kwa maisha yangu. Niliolewa na mwalimu mwenzangu, mtu mwema, tuliishi vizuri hadi alipotangulia. Lakini ukiniuliza ni jiko gani ninaloliota nikilala, si langu lolote. Ni lile la moshi, lenye vigoda, na mtu ameegemea mlangoni.

Mvua za vuli zilipokaribia, hondohondo wawili, wale ndege weusi wenye mdomo mkubwa, walichagua mti mkubwa wa mringaringa uliokuwa nyuma ya tangi la maji. Tulimwona jike akiingia kwenye tundu la shina, na siku zilizofuata wakaliziba kwa udongo na mavi na makapi ya matunda, yeye akiwa ndani, hadi ukabaki ufa wa kupitisha ncha ya mdomo tu. Dume akawa analeta matunda. Alikuja akipiga mbawa kwa kishindo, ungedhani mtu anakung'uta mkeka, akatapika kuyu moja moja na kuzipenyeza kwenye ufa. Jikoni tuligawanyika. Mama Sifaeli alisema mwanamke yule ana bahati, ameketi na analetewa. Anaeli alisema, "Bahati gani, Mama? Huyo yuko jela, na mwenye funguo ndiye mwenye chakula." Elisante alikunywa chai yake hadi mwisho. "Mnakosea wote," akasema. "Hajafungwa. Udongo ule mwingi kaupaka mwenyewe, kwa ndani. Amemwamini mtu hadi amejizibia mlango. Hilo ndilo somo, na mimi silijui vizuri, ndiyo maana naangalia."

Jioni ile alinikuta nikichota maji kwenye tangi. Aliniuliza kama ningeweza kuishi na mtu wa kutembeza wageni, mtu ambaye mali yake ni viatu. Nilijua anachouliza. Moyo wangu ulijibu upesi sana, hadi nikaona aibu, nikazungumza jambo jingine. Barua ya chuo ilikuwa imeshafika. Nilitakiwa kwenda Singida mwanzoni mwa mwaka. Nikamwambia, "Ngoja kwanza nisome." Akaniuliza, "Ningoje ndiyo, Ndeshi, au ningoje hapana?" Nikacheka nikabeba ndoo yangu. Nikiwa njiani nilimsikia akipiga mluzi nyuma yangu, mluzi wa mtu aliyeridhika, na nikadhani kwamba mambo ya namna ile yana muda mwingi.

Hondohondo dume aliuawa na tai asubuhi moja, mbele ya macho ya mtunza bustani. Tulipofika tulikuta manyoya meusi na meupe kwenye majani yenye umande. Juu, ncha ya mdomo wa jike ilikuwa imetoka kwenye ufa, ikisubiri. Ilisubiri siku nzima. Jikoni hakuna aliyetania. Mama Sifaeli alisema, "Mungu anawalisha ndege wa angani, atamlisha na huyu." Elisante akamjibu kwa upole, "Ni kweli, Mama. Lakini nadhani leo anatumia ngazi yetu." Akaichukua ngazi ndefu ya mafundi rangi, akaifunga kwa kamba kwenye tangi, akapanda na kopo la kuyu na vipande vya papai.

Siku ya kwanza jike alimdonoa kidole kikatoka damu. Siku ya pili alidondosha kila alichopewa. Siku ya tatu, Anaeli na mimi tumeshika miguu ya ngazi na tumeinua nyuso hadi shingo zinauma, tulimsikia Elisante akisema taratibu, "Haya, mama. Haya. Mimi si yeye, najua." Kisha akaangalia chini kwetu na uso ambao sijauona tena kwa mtu yeyote. "Amepokea," akasema.

Ikawa kazi yetu sote. Mtunza bustani aliokota kuyu, Mama Sifaeli alikata papai huku akinung'unika kwamba sasa ana mgeni asiyelipa, Anaeli na mimi tulishika ngazi kwa zamu. Wageni walipiga picha. Meneja alikataza, kisha akaja mwenyewe na pera mfukoni. Baada ya muda sauti ya kinda ikaanza kusikika ndani ya mti, sauti mbaya kama bawaba isiyotiwa mafuta, na tulishangilia kana kwamba tumepata mtoto ukoo mzima. Nikitazama nyuma naona kwamba sijawahi kufurahi namna ile, na sikujua kuwa ile ndiyo furaha yenyewe. Nilidhani ni dalili tu ya nyingine kubwa inayokuja.

Siku Elisante alipoanguka ilikuwa zamu ya Anaeli kushika ngazi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, kamba ikalegea, ngazi ikateleza kwenye ukuta wa tangi. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia Anaeli akiita jina lake mara moja tu. Tulimkuta amekaa kwenye matope, mikono yote miwili imepinda mahali ambapo mkono haupindi, uso umekuwa wa kijivu, akijaribu kutabasamu. "Nyani angecheka," akasema, kisha akazimia. Gari la hoteli likampeleka hospitali mjini. Anaeli akaenda naye, kwa kuwa hakukubali kushuka kwenye gari, na meneja akasema basi abaki amuuguze, Ndeshi atafanya kazi ya wawili jikoni. Niliifanya. Usiku nilitandika kitanda cha Anaeli ingawa hakikuwa kimevurugwa.

Na ndege, kwa kuwa ngazi haikuja tena, alifanya alichopaswa kufanya. Siku ya pili au ya tatu nilisikia kitu kikigongagonga kwenye mti, nikatoka na kisu cha viazi mkononi. Alikuwa akiuvunja ukuta wake kwa mdomo, kipande kwa kipande. Alitoka amekonda, manyoya yamechakaa, akashindwa kuruka mara ya kwanza akatua chini karibu na miguu yangu. Tukaangaliana. Kisha akaenda kutafuta kuyu mwenyewe, akarudi kumlisha mtoto. Kati ya watu wote wa pale ni mimi peke yangu niliyeona, na nilijua mara moja habari ile nitampelekea nani.

Jumapili nilipata ruhusa. Nilivaa gauni langu la kanisani, nikanunua mapera njiani. Wodi ya wanaume ilikuwa ndefu, mlango wake uko wazi, na kitanda cha Elisante kilikuwa cha karibu, kichwa chake upande wa mlango. Mikono yake ilikuwa imefungwa plasta hadi juu ya viwiko. Anaeli alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amenipa mgongo, na bakuli la uji mkononi, akimlisha kwa kijiko, na kila baada ya kijiko alimfuta mdomo kwa pindo la khanga yake. Nilisimama kupanga maneno ya kuanzia. Nikamsikia Elisante akisema, "Leo namwelewa yule mama wa kwenye tundu. Kulishwa ni raha." Anaeli akacheka, kisha akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya kucheka sana, "Basi nioe mimi. Hutangoja chuo."

Elisante alicheka. Sikungoja zaidi. Niliyaweka mapera kwenye benchi la nje, karibu na mzee mmoja aliyekuwa amesinzia, nikatoka getini. Huko hoteli nilisema kichwa kiliniuma, sikufika. Wiki zilizofuata nilichukua barua yangu, nikaomba kuondoka mapema, nikaenda Singida. Simu za mkononi zilikuwa bado. Salamu zake zilinifikia kwa watu waliosafiri, mara mbili, na mara zote mbili nilijibu, "Mwambieni nasoma." Baadaye ikaja habari kwamba wameoana yeye na Anaeli, na nikajiambia kwamba nililijua hilo tangu mlangoni.

Jumamosi ile, watu walipomaliza kula na turubai likaanza kulegezwa kamba, Anaeli alitoka ndani akisindikizwa na wanawake. Amenenepa, amekuwa na umbo la Mama Sifaeli, na kichwa chake kilikuwa kimefungwa kitambaa cheupe. Aliangalia huku na huku akaniona. Akanijia moja kwa moja, akanishika mkono, akanivuta hadi jikoni kwake, akawaambia waliokuwa wakiosha masufuria watupishe kidogo. Nikampa pole. Akaitikia. Tukakaa.

"Nilikuwa nakuona," akasema.

"Wapi?"

"Ukipita. Mara moja basi lenu lilisimama hapa barabarani ukashuka kununua ndizi. Mimi nilikuwa ng'ambo, duka la dawa. Nilijificha nyuma ya mlango mpaka ukaondoka." Alitengeneza kitambaa chake. "Ukipita bila kuingia nilikuwa namshukuru Mungu. Halafu nakasirika. Nasema, huyu mtu ana roho gani, hata kumsalimia?"

Sikuwa nimekusudia kusema, lakini nilisema. Nilimwambia kwamba siku ile nilifika. Akaniuliza siku ipi, nikamweleza: gauni, mapera, bakuli la uji, maneno yake. Nje mtu alikuwa akihesabu viti.

"Yale mapera tulikula," akasema. "Mzee mmoja aliyaleta, akasema yametoka mbinguni." Kisha akauliza, "Ulisikia nilichosema. Na alichonijibu?"

"Niliondoka."

Anaeli alifumba macho. "Alisema, 'Mimi nimeshaposa, nangoja jibu. Wewe nilishe kidogo kidogo, Ndeshi akija asinikute nimeshiba.'" Alitoa sauti iliyotaka kuwa kicheko. "Nikacheka naye. Halafu nikaenda kuosha bakuli nikalia hadi muuguzi akaniuliza kama nimefiwa. Utani wangu haukuwa utani, Ndeshi. Wewe ulikuwa unalala chumba kimoja na mimi na hukujua."

Miaka yote nimejua kwamba nilipoteza. Nilizoea kama mtu anavyozoea jino lililong'oka. Sasa niliambiwa kwamba nililiacha mwenyewe, kwenye benchi, kwa kukosa kungoja sentensi moja.

"Alikungoja," akasema Anaeli. "Mikono ilipopona alitaka kuja huko Singida. Ndipo zikaja zile salamu zako. Mimi sikumwambia neno baya juu yako, nataka ulijue hilo. Nilikuwepo tu. Nikaendelea kuwepo. Na tuliishi vizuri. Alinipenda, hakunipa mabaki. Lakini miaka ya mwanzo kila mbwa akibweka nilidhani ni wewe umekuja kumchukua."

"Nisingekuja."

"Sikujua." Akanishika mkono tena, safari hii kwa mikono miwili. "Watoto wangu hawajui habari ya mtu mwingine. Wanajua baba yao aliugua, nikamuuguza, tukapendana. Ndiyo hadithi ya nyumba hii."

Kabla sijamjibu mlango ukasukumwa, akaingia yule binti aliyesoma wasifu, amebeba chupa ya chai. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba."

Anaeli akamwambia kwamba huyu ni Ndeshi, tulifanya kazi pamoja kule hotelini, enzi za ujana. Uso wa binti ukabadilika. Aliweka chupa chini, akavuta kigoda, akakaa karibu yangu kabisa, na nikaona kwamba ana shingo ya baba yake na namna yake ya kuinamisha kichwa anapotaka kusikiliza.

"Kwa hiyo ulikuwepo alipovunjika mikono?" akaniuliza. "Baba alikuwa anapenda kutusimulia, lakini alikuwa anaongeza chumvi. Ni kweli mama ndiye aliyekuwa akimlisha kwa kijiko siku zote zile, hadi akapona?"

Anaeli aliinama akaanza kutafuta vikombe ambavyo vilikuwa mbele yake.

"Ni kweli," nikamwambia. "Nilimwona kwa macho yangu."